Herufi Niliyoikosea Kwenye Jiwe la Wapigania Uhuru

Nilifanya kazi kwenye makaburi ya komini moja, yaani manispaa ndogo, ya Brussels kwa miaka kumi na tisa, na katika muda huo wote sikuwahi kuharibu kaburi la mtu. Kosa langu kubwa nililifanya kwenye jiwe ambalo halina maiti chini yake.

Jiwe hilo liko upande wa kushoto ukishaingia lango kubwa, kabla ya makaburi yenyewe kuanza. Ni bamba la jiwe la kijivu, lile ambalo Wabelgiji wanaliita jiwe la buluu, limenizidi urefu kidogo, na juu yake amechongwa simba. Chini ya simba kuna maneno ya Kifaransa yanayosema kwamba komini inawakumbuka wana wake waliopewa nishani kwa kupigana vita vya uhuru. Halafu yanafuata majina kumi na manne, yamechongwa kwa herufi kubwa.

Siku zangu za kwanza sikujua ni uhuru upi unaosemwa pale. Mimi nimezaliwa Buyenzi, mjini Bujumbura, na utotoni mwangu neno uhuru lilikuwa na maana moja tu: Mbelgiji kuondoka. Kumkuta Mbelgiji naye ana jiwe la uhuru wake kulinichanganya. Mkuu wetu wa kazi ndiye aliyenieleza, huku anatafuta funguo mifukoni, kwamba karibu miaka mia mbili iliyopita nchi hii ilikuwa chini ya mfalme wa Uholanzi, na watu wa Brussels wakaingia barabarani na bunduki mpaka askari wa mfalme wakarudi nyuma. Waliojitokeza zaidi walipewa nishani. Wengi wao, alisema, walikuwa vibarua, waokaji mikate na mafundi wa kofia.

Nilikwenda kumsimulia mwenzangu wa kazi, mtu wa Lubumbashi, ambaye tulikuwa tukikata nyasi pamoja.

"Hawa bantu balipiganaka na nani?" akaniuliza.

"Na mfalme wa Uholanzi."

Akazima mashine yake ili anisikie vizuri. "Donc hata bazungu balikuwa na bakoloni?"

"Ndivyo anavyosema mkuu."

"Bon," akasema, akalitazama jiwe kwa muda. Kisha akaniambia kwamba babu yake mzaa mama alikuwa askari wa jeshi la koloni, akapelekwa kupigana mbali sana na kwao, akarudi na nishani ya Wabelgiji hao hao. Mama yake aliiweka ndani ya kopo la sukari, na vita vya baadaye viliondoka na kopo na nyumba. "Yeye hana jiwe," alisema. Hakusema kwa uchungu. Aliwasha mashine tukaendelea na kazi.

Tangu hapo nililitazama jiwe lile kwa jicho jingine. Kila asubuhi nilipoingia niliwatolea salamu waliozikwa mle ndani, kama tulivyofundishwa kwetu mtu apitapo makaburini, ingawa wengi wao hawakuwa wa dini yangu. Mke wangu mwanzoni hakuipenda kazi hii. Alisema mtu aliyekimbia vifo hafai kwenda kutafuta mshahara kwenye makaburi. Nikamwambia kwamba hawa walikufa wakazikwa na watu wao, na majina yao yakaandikwa. Kwa sisi tuliotoka kule, ambako wengi hawakupata hata kaburi, hiyo si picha ya kutisha. Baada ya hapo hakulalamika tena.

Majira ya joto ya mwaka mmoja, komini iliamua kulisafisha jiwe kabla ya sherehe ya Septemba ya kukumbuka mapigano yale, ambapo meya huja kuweka shada la maua. Mkuu alikuwa ameona mwandiko wangu kwenye daftari la kazi, akaniuliza kama ninaweza kuzipaka rangi herufi. Nilikubali upesi. Mwandiko nilioupata madrasa, kwa wino na ubao, ndiyo mali pekee niliyofika nayo Ulaya ambayo hakuna aliyeniomba niithibitishe.

Ilinichukua siku tisa. Kwanza nililisugua jiwe kwa maji na brashi laini, nikatoa kuvu ya kijani iliyokuwa imejaa ndani ya herufi. Kisha nilikaa kwenye kigoda, nikapaka rangi nyeusi herufi moja baada ya nyingine. Baridi ya miaka mingi ilikuwa imebandua uso wa jiwe sehemu fulani, hasa upande wa chini, na kwenye jina la kumi na moja palikuwa na herufi moja isiyoeleweka vizuri katikati ya jina. Inaweza kuwa C, inaweza kuwa G. Nilipitisha kidole mara nyingi nikitafuta kile kimkia cha G, sikukisikia. Nikapaka C, nikaendelea na herufi iliyofuata. Sikumuuliza mtu. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, na niliona fahari kidogo, basi nikajiambia kwamba kidole changu hakidanganyi.

Mkuu alipoona kazi imekwisha alinipiga bega. Mwenzangu wa Lubumbashi alipiga picha.

Wiki iliyofuata nilikuwa nafagia njia nilipomwona bibi mmoja amesimama mbele ya jiwe na kibegi chake cha magurudumu. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa na miaka themanini na zaidi, alikuja mara kwa mara kwa tramu kutoka Auderghem kusafisha kaburi la mume wake, na siku zote alinisalimu kwa adabu. Siku hiyo hakunisalimu.

"Nani ameandika haya?" aliuliza.

"Mimi, Madame."

"Umembadilisha babu wa babu yangu."

Nilidhani sikumsikia sawasawa. Akainua kidole, akakiweka kwenye ile C. Akanieleza kwamba jina lao lina G, limekuwa na G tangu zamani, kwenye kaburi la baba yake kuna G, na kwenye kitambulisho alichokitoa mkobani mwake kulikuwa na G.

"Nilifuata jiwe, Madame," nilimwambia. "Hakuna alama ya G hapo."

"Jiwe halijui kusoma," alisema. "Ungeuliza."

Maneno yake yaliniingia. Nilikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, na nilihisi masikio yamepata moto kama ya mtoto mbele ya mwalimu. Baadaye nilikuja kujua kwamba kweli alikuwa mwalimu, alifundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma na kuandika mpaka alipostaafu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu na kumwambia nimekosea, nipewe ruhusa nirekebishe siku ile ile.

Mkuu alikataa. Alisema jiwe ni mali ya komini, na familia moja ikisema G, kesho nyingine itakuja kusema K. Ataandika barua kwa ofisi ya nyaraka, wao watafute kwenye vitabu vya zamani, halafu tutafuata wanachosema.

Bibi yule alirudi Jumanne iliyofuata, na Jumanne nyingine tena. Alikuwa anakuja kuuliza kama jibu limefika. Mara ya pili mvua ilimkuta kwenye njia, nikamkaribisha kwenye chumba chetu cha vifaa, kati ya majembe na mikokoteni ya mkono. Nilikuwa na chai ya tangawizi kwenye chupa. Alikunywa kwa hadhari, kisha akaomba aongezewe.

"Wewe unanionaje?" aliniuliza. "Bibi mzee anayepigania kimstari?"

Nilikuwa nimepanga kumjibu kwa heshima na kunyamaza. Badala yake nilijikuta namsimulia habari ambayo hata rafiki zangu sikuwa nimezoea kuwasimulia.

Jina la ukoo wetu lina L. Mimi kwenye karatasi zote za Ubelgiji nina R. Nilipofika hapa kuomba hifadhi sikuwa na cheti hata kimoja, kwa hiyo karani aliandika alichokisikia. Na kosa halikuwa lake peke yake. Ulimi wa Kirundi hautenganishi sana R na L, na siku ile nilikuwa nimechoka, nilitaja jina la baba yangu kwa ulimi wa mtaani. Aliponigeuzia karatasi nitie sahihi, niliiona ile R. Niliiona vizuri kabisa. Nikatia sahihi.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Niliogopa. Mtu anayebishana juu ya herufi, nilidhani, wataanza kumuuliza na mengine yote."

"Na baadaye, ulipopata uraia?"

Nilimwambia kwamba baadaye watoto walikuwa wamezaliwa, wameandikwa kwa R, wameanza shule kwa R. Kazini niliitwa kwa R. Ilifika mahali L ikawa kama nguo ya sherehe iliyobaki kwa ndugu huko nyumbani, unajua ipo lakini huivai. Ila baba yangu asingeitambua ile R. Alikuwa fundi cherehani, na vipimo vya wateja wake aliviandika kwenye daftari kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chake chote kwa herufi hizo. Kwenye jalada aliandika jina lake. Kwa Kiarabu huwezi kuchanganya lamu na ra, yaani L na R, moja imesimama na nyingine imeinama.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunipa pole, jambo ambalo nilishukuru. Aliuliza tu, "Daftari lipo?"

"Sijui. Dada yangu yupo bado Buyenzi. Huenda analo."

Mvua ilipokatika alisimama, akanishukuru kwa chai, akaenda kituoni.

Jibu la nyaraka lilikuja mwanzoni mwa Septemba, na lililetwa na mtu. Dada mmoja mwenye miwani, mfanyakazi wa ofisi hiyo, alikuja mwenyewe na bahasha kwa sababu, alisema, jambo lenyewe lilimpendeza na hakutaka kulitolea maelezo kwa simu. Mkuu alimwita bibi. Tukakaa wote wanne kwenye benchi na viti vya plastiki nje ya chumba cha vifaa.

Alitoa nakala tatu. Ya kwanza ilikuwa orodha ya waliopewa nishani, jina limeandikwa kwa G. Bibi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ya pili ilikuwa cheti cha kifo, jina lile lile kwa CK, na mwisho wa jina umeongezwa herufi nyingine. Ya tatu ilikuwa cheti cha ndoa, miaka michache baada ya vita. Kwa C.

"Kwa hiyo lipi ni sahihi?" mkuu aliuliza.

Yule dada alionyesha mstari wa chini wa cheti cha ndoa. Akatusomea polepole, kwa sababu mwandiko ulikuwa wa kizamani: bwana harusi, kibarua, ametamka kwamba hajui kuandika, na ameweka alama yake mbele ya mashahidi. Pembeni palikuwa na msalaba mdogo wa wino, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

Sikumtazama bibi mara moja. Nilipomtazama, alikuwa ameondoa miwani yake na ameishika mapajani. Kwao, alitueleza, ilisimuliwa kwamba babu huyo alikuwa akimwandikia mchumba wake barua katika siku za mapigano, kutoka nyuma ya vizuizi vya barabarani. Baba yake alimsimulia hivyo, naye aliwasimulia wanafunzi wake kila mwaka, ili waone faida ya kujua kuandika.

"Wale watoto wote," alisema. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha wala hasira. "Nimewadanganya bila kujua."

Yule dada alijaribu kumliwaza, akasema siku zile vibarua wengi hawakujua kuandika na hapakuwa na aibu yoyote. Bibi akamjibu kwamba hakuona aibu. Alikuwa anajaribu kumwona huyo mtu upya. Mtu aliyesimama barabarani na bunduki, akapewa nishani, akaletewa karatasi yenye jina lake, na asijue kama jina lile ni lake au la jirani.

Mkuu alikohoa. "Madame, sisi tufanye nini na jiwe?"

Alifikiri. Mimi, kusema kweli, nilitamani aseme iachwe C, ili kosa langu ligeuke kuwa si kosa. Niliona haya kwa tamaa hiyo, lakini ilikuwepo.

"Andikeni G," alisema. "Yeye hakuchagua herufi yoyote. Waliokuja nyuma yake ndio waliochagua G, na tumeishi nayo. Nawaombeni." Kisha akanigeukia. "Na wewe una bahati kuliko mimi. Baba yako alijua kuandika. Wewe unajua alichochagua."

Siku ya kurekebisha ilikuwa Jumanne, jua limetoka. Nilichimba kidogo kwa patasi nyembamba, nikafungua nafasi ya kimkia, nikaipangusa vumbi. Nilipofungua kikopo cha rangi, bibi aliyekuwa amekaa kwenye kigoda changu aliniuliza kama anaweza kukipaka kile kimkia yeye mwenyewe. Nilimpa brashi. Nikamshikia kiwiko kwa chini, kama tunavyomshikia mtu anayepanda ngazi. Aliweka mstari mmoja mfupi, akasita, akauongeza kidogo. Ulitoka nje ya mchongo kwa upana wa punje ya mchele. Nilitaka kuufuta kwa kitambaa, nikaacha.

Mkuu alipopita alilitazama jiwe, akamtazama bibi, akaendelea na njia yake.

Kwenye sherehe tulikuwa watu kama ishirini. Meya alisoma majina yote kumi na manne. La kumi na moja alilitamka kwa haraka, C au G hakuna aliyesikia, kwa sababu wakati huo huo ndege ilikuwa inashuka kuelekea uwanjani. Nilimtafuta bibi kwa macho nikidhani ameudhika. Alikuwa anamsikiliza mtu aliye karibu naye akimweleza habari za goti lake.

Mimi nilimpigia dada yangu simu Bujumbura wiki ile. Daftari la baba halikuwepo, lilioza na mafuriko zamani. Lakini dada alihangaika huko maofisini miezi mingi, akapata dondoo ya kuzaliwa kwangu, yaani nakala ya cheti yenye mhuri, na ndani yake kulikuwa na L. Nilipoipokea nilikaa nayo mezani kabla ya kumwita binti yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi na ndiye anayejua njia za ofisi za hapa kuliko sisi sote.

Aliisoma mara mbili. "Baba, unataka tubadilishe wote?"

"Nataka kujua wewe unataka nini."

Aliketi kando yangu. "Diploma yangu ina R. Wagonjwa wananiita kwa R. Nikikutana na mtu mwenye R najua ni ndugu yangu, kwa sababu hakuna mwingine duniani mwenye jina hilo isipokuwa sisi watano." Akaishika karatasi kwa ncha za vidole. "Lakini wewe lifuatilie. Nitakusindikiza."

Maneno yake yaliniuma kwanza, halafu kadiri siku zilivyopita yaliacha kuuma. Nilikuwa nimemlea kwa jina lile. Lilikuwa limezaliwa kwa uoga wangu, lakini kwake halikuwa na uoga wowote, lilikuwa jina lake tu, kama G ilivyokuwa ya yule bibi. Mke wangu, ambaye kwenye karatasi ana jina la baba yake mwenyewe na hajawahi kulibadilisha, alitusikiliza kutoka jikoni na kusema kwamba sisi tunapenda kujichosha.

Binti yangu alinisindikiza kweli. Tulirudi kwenye dirisha la komini mara tano, tukiambiwa kila mara kuna karatasi nyingine inayohitajika, na tafsiri yake, na mhuri juu ya tafsiri. Mara ya sita karani, kijana mpole, alinigeuzia karatasi nitie sahihi. Niliisoma herufi kwa herufi kabla ya kushika kalamu. Binti yangu alisubiri pembeni, hakunihimiza.

Bibi wa Auderghem siku hizi anaishi kwenye nyumba ya wazee na haji tena makaburini. Nilimtembelea mara moja baada ya kustaafu, nikamwonyesha kitambulisho changu kipya. Alivaa miwani, akakisoma kama mtu anayesahihisha daftari, akanirudishia. "Vizuri," alisema, na tukaanza kuzungumzia chai, kwa sababu alitaka kujua tangawizi naipondaje.

Nyumbani kwetu Saint-Josse, kwenye kengele ya mlango, sasa kuna majina mawili yanayofanana, moja kwa L na jingine kwa R, na la mke wangu chini yao. Mleta barua aliniuliza kama tumempangisha mtu chumba. Nilimwambia hapana, ni sisi wale wale, barua zote alete.